Kanisa la Teilo lililohamishwa: je, waliolipaka rangi walikosea?

Nje ni kanisa dogo la kijijini, kuta zake nyeupe kwa chokaa. Ukishavuka mlango unakutana na umati. Mtakatifu Kristofa, mkubwa kupita kiasi, anamvusha Mtoto Yesu mtoni. Mtakatifu Katarina yupo, na Kristo anadhihakiwa na watesi wake. Kiwambo cha mwaloni kilichochongwa na kupakwa rangi kinawatenga waumini na madhabahu, na juu yake kuna roshani yenye msalaba mkubwa. Rangi zote zinang'aa kana kwamba fundi ametoka jana. Hili ndilo kanisa la Mtakatifu Teilo, lililo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Wales pale St Fagans, kando ya Cardiff, na mng'ao huo ndio unaowaudhi baadhi ya wapenzi wa majengo ya kale. Wanaliita kanisa la kuigiza.

Hoja zao si za kubeza. Kanisa, wanasema, ni mahali kabla halijawa mawe. Hili lilisimama Llandeilo Tal-y-bont, karibu na Pontarddulais, kwenye nyika yenye majimaji kando ya mto Llwchwr, kama kilomita 60 kutoka lilipo leo, na wafu wake wamebaki kule kule. Wanasema pia kwamba picha tunazoziona ukutani ni kazi ya wachoraji wa zama zetu, kwa kuwa vipande halisi vilibanduliwa na kuhifadhiwa. Halafu wanauliza: ukilirudisha jengo kwenye kizazi kimoja, vizazi vilivyofuata umevipeleka wapi? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote, na nitalirudia.

Kinachonisumbua ni kwamba lawama hizi husemwa kana kwamba kanisa lilikuwa zima na linatumika, wataalamu wakaja kulinyakua. Sivyo. Sehemu zake za kale zaidi, yaani ukumbi wa waumini na sehemu ya madhabahu, ni za karne ya 12 au 13. Vikanisa vya pembeni, ubavu wa kusini na baraza ya mlango viliongezwa baadaye. Pontarddulais ilipokua kwa viwanda vya bati, watu walijengewa makanisa mapya karibu na makazi yao, na hili la kando ya mto likabaki na ibada chache kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa limeachwa kabisa. Jengo la chokaa lisilo na mtu wa kulipaka tena wala kuziba paa lake halidumu. Chaguo halikuwa kati ya Llwchwr na makumbusho. Lilikuwa kati ya makumbusho na magofu.

Uamuzi wa kulihamisha ulifanyika katika miaka ya 1980, na wakati huo ndipo ilipobainika kwamba chini ya matabaka ya chokaa kulikuwa na picha nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mawe yalipewa namba, yakateremshwa na kusafirishwa. Kazi nzima ilichukua zaidi ya miaka 20. Kanisa lilifunguliwa Oktoba 2007 na Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, ambaye ni mzaliwa wa Swansea, si mbali na lilikotoka kanisa lenyewe.

Wahusika waliamua lionekane kama lilivyokuwa karibu na mwaka 1530. Mwaka huo umenikaa kichwani muda mrefu, na naona wengi wanaupita haraka mno. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kiwelshi kilitoka mwaka 1546. Agano Jipya na kitabu cha sala kwa lugha hiyo vilitoka mwaka 1567, na Biblia nzima mwaka 1588. Maana yake mkulima aliyepiga magoti katika kanisa hili mwaka 1530 hakuwahi kuona hata ukurasa mmoja uliochapwa kwa lugha ya mama yake. Misa aliisikia kwa Kilatini. Kasisi alikuwa ng'ambo ya kiwambo, mgongo kwa waumini. Mtu huyu angeijuaje habari ya mateso ya Kristo? Aliijua kwa masimulizi na mahubiri, na aliijua kwa ukuta. Ukuta ulimkabili kila Jumapili tangu alipobebwa kwenda kubatizwa, bila kumdai kusoma wala kujua Kilatini. Kristofa alichorwa mahali ambapo anayeingia angemwona mara moja, kwa sababu watu waliamini kwamba atakayemtazama mtakatifu huyo asingekufa ghafla siku hiyo. Kulikuwa na mtu anayeihitaji picha ile kabla hajashika njia ya shambani.

Kati ya 1530 na 1588 ni miaka 58. Mtoto aliyebatizwa kanisani humo mwaka 1530 angeweza kuishi akaona yote: picha za ukutani, kisha, Matengenezo ya Kiprotestanti yalipofika, amri ya 1548 ya kuondoa sanamu, kisha madhabahu za mawe kubadilishwa kwa meza za mbao mwaka 1550, kisha agizo la 1561 la kubomoa roshani za msalaba, na uzeeni mwake Biblia ya Kiwelshi ikisomwa kwa sauti. Maisha ya mtu mmoja tu. Kuta tupu tulizozizoea hazikuwa mwanzo wa safari hiyo.

Hapo ndipo naona upande wa makumbusho haujasikilizwa ipasavyo. Wengi wetu tukiona kanisa la kale lenye kuta nyeupe, au lenye mawe yaliyoachwa wazi, tunadhani tunauona ukale wenyewe. Chokaa ile ilipakwa kwa amri na kwa imani ya karne ya 16 na zilizofuata. Mawe wazi mara nyingi ni mapenzi ya warekebishaji wa karne ya 19, waliokwangua lipu ya ndani wakiamini wanaufikia ukweli wa jengo, na katika kukwangua wakapoteza picha ambazo hatutazijua kamwe. Pale Llancarfan, kusini mwa Wales, kuanzia mwaka 2008 wahifadhi walifunua chini ya chokaa Mtakatifu George na joka lake, dhambi saba za mauti, na Mauti akimshika kijana mtanashati. Waumini walikuwa wakisali mbele ya ukuta huo kwa karne nyingi bila kujua kilicho nyuma yake. Ukimweka mgeni mbele ya ukuta mtupu na kumwambia hivi ndivyo kanisa la enzi za kati lilivyokuwa, umempotosha kuliko mchoraji wa leo anayekiri wazi kwamba kazi ni yake.

Pia kuna maarifa yasiyopatikana ila kwa mikono. Kuchonga kiwambo kizima, kupaka lipu ya chokaa, kutengeneza rangi kwa udongo mwekundu na wa njano na weusi wa makaa, kumewafundisha mafundi mambo ambayo vipande vilivyovunjika ndani ya kabati la kioo visingewafundisha. Chuo Kikuu cha Bangor baadaye kilifanyia humo utafiti wa ibada, Misa ya Kilatini kwa utaratibu wa Salisbury, yaani ule uliotumika sana enzi hiyo, ikaadhimishwa tena ndani ya kuta hizo, na kinanda kidogo cha mabomba kikaundwa mwaka 2010 kwa kufuata mabaki ya vinanda vya enzi hiyo. Huwezi kuuliza sauti ya kasisi ilifikaje kwa waumini kupitia kiwambo ikiwa kiwambo hakipo.

Sasa nirudi kwenye swali nililoliahirisha. Kwa kuchagua 1530, makumbusho yameacha nje zaidi ya miaka 400 ya ibada, ile ya maandiko, mimbari na mabenchi, na ndiyo iliyowafanya Wawelshi wa kizazi hadi kizazi wasome kwa lugha yao. Wapo wanaosema kwa uchungu kwamba Biblia ya 1588 ndiyo iliyoiokoa lugha hiyo, na kwamba kanisa lisilo na dalili yake ni nusu ya habari. Wako sahihi, na kwangu huo ni upungufu wa kweli. Partrishow, kwenye milima ya kusini-mashariki, inaonyesha njia nyingine. Kile kikanisa kimebakiza kiwambo na roshani ya karibu 1500 iliyoponea agizo la 1561, mbao zake hazina rangi. Birika la ubatizo lina maandishi ya karne ya 11. Ukutani kuna kiunzi cha Mauti, na kuna nembo ya mfalme na Amri Kumi zilizoandikwa baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti. Zama zote zinakaa pamoja, kila moja ikiipisha nyingine.

Kama Partrishow ingepakwa rangi upya, ningekuwa wa kwanza kupinga. Lakini Partrishow ilibahatika kubaki na vitu vyake. Teilo ilikuwa imebaki na kuta, na picha zinazomomonyoka. Kwa kanisa la namna hiyo, nawaunga mkono waliochagua kizazi kimoja na kukionyesha kwa ukamilifu, kwa sharti kwamba vipande halisi visiwe mbali na macho ya watu, ili mgeni alinganishe mkono wa kale na mkono mpya.

Kuhusu makaburi sina jibu la kuwapa wenyewe. Wafu wa Llandeilo Tal-y-bont walizikwa kando ya ukuta ambao haupo tena, na hakuna utaalamu wa seremala wala wa mchoraji unaoweza kuwarudishia kivuli chake.