Tarehe 27 Agosti, Kabla ya Keki

Binti yangu alipotimiza miaka 11, kabla hajamwagiwa maji wala kulishwa keki, aliulizwa maswali. Nilikata karatasi ya manila vipande kumi, nikaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, nikavitia kwenye kikapu kidogo cha ukili. Yote yalikuwa mambo yaliyotokea tarehe yake, 27 Agosti, kwa miaka mbalimbali. Kila mtoto alikaa na mtu mzima mmoja, wakajibu pamoja.

Mwaka uliotangulia nilijaribu jambo hilihili na halikufana. Nilichukua orodha ya Kiingereza niliyoikuta kwenye intaneti, nikaitafsiri kama ilivyo. Don Bradman, mcheza kriketi wa Australia, alizaliwa mwaka gani? Edwin Drake alichimba akapata mafuta katika jimbo gani la Marekani mwaka 1859? Watoto walinyamaza, macho kwenye keki. Sikuwalaumu hata kidogo. Mtoto akiulizwa mambo asiyoyajua hata kwa kusikia, anajiona mjinga siku ambayo watu wamekusanyika kumfurahia. Kosa hilo ni la muulizaji.

Tangu hapo nashikilia kwamba chemsha bongo ya siku ya kuzaliwa ianzie nyumbani, ndipo itoke kwenda mbali. Tena swali liwe na jibu linalozaa swali jingine.

Kadi ya kwanza mwaka huu iliuliza: asubuhi ya 27 Agosti 1896, saa 3 na dakika 2, kilitokea nini Unguja? Mjomba wake akadakia: vita vifupi kuliko vyote duniani! Nikasema ndiyo, dakika 38 kwa hesabu inayotajwa zaidi, ingawa wapo wanaosema zilifika 45. Watoto wakacheka. Vita gani hivyo vya dakika 38?

Swali hili huulizwa hivyo kila mahali, kama kichekesho, na mimi linaniuma. Basi nikawasimulia. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, nao wakampa mpaka saa 3 asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Manowari zikalipiga kasri lililokuwa na askari, watumishi na watumwa ndani yake. Meli ya sultani, Glasgow, ikazama palepale bandarini, na milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji kwa miaka. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Wakati huo pilau ilikuwa jikoni, ndiyo kwanza imepaliwa makaa juu ya kifuniko. Nikawaambia watoto: tangu sasa mpaka sufuria ile ifunuliwe, ndio muda wenyewe. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja akauliza, "Na huyo Khalid, walimkamata?"

Hapo ndipo nilipokuwa napangojea, maana kadi ya pili ilikuwa hiyohiyo. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, nao wakamtorosha kwa meli hadi Dar es Salaam. Aliishi katika mji wetu huu mpaka mwaka 1916, Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na kisiwa cha Saint Helena, baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Binti yangu, aliyezaliwa Dar es Salaam, alitaka kujua nyumba ya Khalid ilikuwa mtaa gani. Ukimuuliza mtoto "dakika ngapi" tu, hafiki huko.

Kadi ya mbali kuliko zote ilikuwa ya volkano ya Krakatoa, Indonesia, iliyolipuka 27 Agosti 1883 na kuua watu zaidi ya 36,000, wengi wao kwa mawimbi ya bahari. Mlio wake ulisikika kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari yetu hii ya Hindi, umbali wa kilomita kama 4,800, na mkuu wa polisi wa pale alidhani ni mizinga inapigwa. Nikawaambia ni kama kitu kilipuke Mumbai ukisikie Dar es Salaam. Nilitaja pia kifo cha Mfalme Haile Selassie mwaka 1975, lakini hiyo ilipita haraka.

Ya Katiba ya Kenya haikupita haraka, kwa sababu shangazi yake wa Mombasa alikuwa kwenye simu. Aliposikia "27 Agosti 2010, Uhuru Park" hakungoja swali liishe. Alisimulia jinsi alivyokaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, Rais Kibaki akatia saini, na yeye akalia. Jibu la kadi yangu lilikuwa mstari mmoja. La shangazi lilichukua dakika kumi, na lilikuwa bora kuliko langu.

Kisha mama yangu, ambaye muda wote alikuwa ametulia kwenye mkeka, akasema, "Na mimi niulizeni."

"Bibi, ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Kitambulisho chake kinasema 1 Julai. Tarehe hiyo iliandikwa tu na karani, kama walivyoandikiwa wazee wengi wa rika lake. Anachokijua ni alichoambiwa na mama yake: alizaliwa msimu ule askari wa keya, yaani Waafrika wa jeshi la Waingereza, waliporudi kutoka Burma, vita vya Hitla vilipokwisha, mahindi yakiwa bado machanga shambani. Watoto wote waligeuka kumtazama. Sisi tulikuwa na tarehe tukitafuta matukio. Yeye ana tukio, tarehe hana.

Binti yangu akachukua kipande cha manila kilichobaki, akaandika: "Askari wa keya walirudi mwezi gani?" Akakigeuza upande wa pili, akauacha mtupu, akakitia kikapuni. Keki ilikatwa baada ya hapo, na kipande cha kwanza akampelekea bibi yake mkekani.