Jengo la ghorofa moja lina sakafu ngapi?

Ukisema jengo lina ghorofa moja, msikilizaji mmoja ataelewa kuna sakafu ya chini na nyingine juu yake. Mwingine ataelewa ni sakafu moja tu. Wakiwa wanazungumza, wataulizana na mambo yataisha. Kwenye jedwali la majengo elfu kumi hakuna wa kuulizwa. Ikiwa aliyejaza alimaanisha sakafu mbili, programu inayozidisha eneo la msingi kwa idadi ya ghorofa itapata nusu ya eneo halisi, na matumizi ya nishati kwa kila mita ya mraba yataonekana mara mbili ya yalivyo.

Utata wa namna hiyo ndio uliozaa istilahi sanifu za majengo. Mfano unaojulikana ni BEDES, kamusi iliyoandaliwa chini ya Idara ya Nishati ya Marekani na Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014. Haihifadhi takwimu za jengo lolote. Inaeleza tu kila neno lina maana gani, linajazwa namba au maandishi, kwa kipimo kipi, na kama kuna orodha ya majibu yanayokubalika. Miundo ya kubadilishana data kama BuildingSync, inayobeba ripoti za ukaguzi wa nishati, huchota maneno yake humo.

Hoja nzito kuliko zote za wanaounga mkono istilahi hizi ni eneo la sakafu. Chukua jengo linalotumia kWh (kilowati-saa) 180,000 kwa mwaka. Ukipima hadi uso wa nje wa kuta unapata m² 1,200, yaani kWh 150 kwa kila mita ya mraba. Ukihesabu vyumba vinavyotumika peke yake, bila kuta, ngazi na korido, unapata m² 1,000, na matumizi yanapanda hadi kWh 180. Hiyo ni tofauti ya asilimia 20 bila taa hata moja kuwashwa. Mradi wa kuboresha jengo unaweza kutangaza mafanikio makubwa kwa sababu tu aliyepima mara ya pili alipima kwa njia nyingine.

Neno "nishati" nalo lina mtego. Jengo moja linatumia kWh 100 za umeme, jirani yake kWh 180 za gesi. Kwa mita za majengo yenyewe, la kwanza ndilo bora. Lakini ukihesabu nishati ya chanzo, pamoja na inayopotea mitamboni na njiani, kwa vizidisho vya wastani vilivyozoeleka Marekani (2.80 kwa umeme, 1.05 kwa gesi), la kwanza linafika 280 na la pili 189. Mshindi amegeuka! Hesabu zote mbili ni sahihi, ila hazistahili kukaa kwenye safu moja yenye kichwa "matumizi ya nishati".

Wapinzani nao wana hoja ya kweli. Orodha ya majibu hutungwa kwa majengo ambayo watungaji wanayafahamu. Fomu iliyobuniwa kwa ajili ya boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha jengo joto, inaweza kuwekewa kikomo cha ufanisi cha asilimia 100. Ije pampu ya joto inayotoa kWh 3 za joto kwa kila kWh 1 ya umeme, yaani asilimia 300, fomu itaikataa. Mkaguzi mwenye haraka ataandika 100 ili ipite, na kuanzia hapo data ni safi kwa sura na mbovu kwa maudhui. Kosa la aina hii ni gumu kulibaini kuliko jedwali lililovurugika waziwazi.

Kuna pia gharama ya kuhamisha data za zamani. Kulinganisha majina ya safu ni kazi nyepesi. Kugundua aliyejaza alimaanisha nini ndiyo inayokula muda. Ukinzani wa joto wa ukuta, yaani uwezo wake wa kuzuia joto, ulioandikwa R 20 kwa vipimo vya Marekani ni takriban 3.5 kwa vipimo vya metriki. Ukihamishwa kama 20, ukuta utaonekana kuzuia joto karibu mara sita ya uwezo wake.

Mimi naegemea upande wa istilahi sanifu, lakini naona neno peke yake halitoshi. Kila namba inayoingia kwenye hesabu ya ulinganisho, yaani eneo, nishati na ukinzani wa joto, iambatane na kipimo chake, njia iliyotumika kuipata na tarehe. Hapo ukali unastahili. Kwa maelezo ya matumizi ya jengo au aina ya paa, orodha iwe na nafasi ya maandishi huru, na jibu "nyinginezo" likianza kujaa, orodha ipanuliwe. Safu ya asili isifutwe baada ya kuhamishwa; ibaki kando ya mpya, kwani ndiyo itakayoonyesha kosa lilipoingilia. Na nafasi tupu igawanywe: chini ya "paneli za jua", jengo lisilo nazo liandikwe 0, na lile ambalo hakuna aliyepanda kukagua paa lake liandikwe "haijakaguliwa".