Pilipili ya kijani ni mboga, na igandishwe na ganda lake

Kwetu Tanga pilipili ni kiungo. Unaiweka moja nzima ielee juu ya mchuzi, unaichunga isipasuke, na anayetaka ukali ataiminya mwenyewe sahanini. Nilipohamia Albuquerque, mji wa jimbo la New Mexico, Marekani, niliipika pilipili ndefu ya kijani ya huko kwa mazoea hayohayo, mbili tatu kwa sufuria, nikawa nashangaa watu wanaisifia nini. Kosa lilikuwa langu. Hii ni mboga kama ilivyo bamia au mchicha, na tangu mwaka 1965 ni mboga rasmi ya jimbo, pamoja na maharage.

Mwezi wa Agosti na Septemba, nje ya maduka ya vyakula, huwekwa mapipa ya wavu wa chuma yanayozungushwa juu ya moto wa gesi. Unachagua gunia, unasema unataka kali au ya wastani, linamiminwa humo. Maganda yanababuka na kuwa meusi, vipande vinaruka kama masizi, na harufu unaipata ukiwa bado barabarani. Dakika chache tu zimeiva.

Kazi yenyewe inaanzia nyumbani. Zikiwa za moto, ziacheni zimefunikwa kama robo saa, mvuke ulegeze ganda. Mwaka wangu wa kwanza nilimenya gunia zima usiku mmoja, tena chini ya maji ya bomba ili niende haraka. Mikono iliniwaka hadi asubuhi, kwa kuwa sikuvaa glavu, na moshi wote niliolipia ukaishia kwenye sinki. Mchuzi wa majira yale ya baridi ulikuwa na ukali bila ladha. Jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa hapahapa, alinionyesha mifuko yake: pilipili nzima, na ganda lake, zimelazwa bapa kwenye friza, kumi kumi. Ganda linailinda nyama yake isikaushwe na baridi, na siku ukiitoa ikayeyuka, linatoka kwa vidole viwili. Tangu hapo simenyi kabla.

Wapo wanaozitia kwenye chupa na mafuta, wakaziweka kabatini. Tafadhali, msifanye hivyo. Pilipili haina uchachu wa kutosha, na mahali pasipo hewa vijidudu vya botulizimu huota na kutoa sumu usiyoiona wala kuinusa. Kuchemsha chupa hakutoshi popote, sembuse huku karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi. Bila mtungi wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo, friza ndiyo salama.

Mchuzi hauna makuu. Wenyeji wengi hutumia bega la nguruwe. Mimi natumia kondoo, kama wapikavyo wengi wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, na mafuta yake yanaupokea moshi vizuri mno. Kaanga vipande mpaka viwe vya kahawia, tia kitunguu maji na saumu, maji, chumvi, uache uchemke taratibu. Kwa kilo moja ya nyama naweka pilipili 15. Nusu naitia mapema ipondeke, iufanye mchuzi mzito bila unga. Nusu nyingine naikata vipande vikubwa na kuitia mwishoni pamoja na viazi vikikaribia kuiva, ili mlaji aikute mdomoni. Ukali ukiwazidi, toeni ule utando mweupe wa ndani, ndiko uliko. Nyanya sitii, na bizari nyembamba sitii, ingawa najua nyumba nyingi hutia zote mbili. Zinaufunika ule moshi, na moshi ndio nilioufuata.

Mwaka huu nimechukua magunia mawili, la wastani na la kali. Mifuko ya kali nimeifunga uzi mwekundu, maana wanangu sasa wanajipikia wenyewe.