Usimwambie mwanao "kwetu hesabu hatuna"

Jumamosi asubuhi nilishuka Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, kununua dagaa nikarudi nyumbani na uchungu ambao mpaka leo haujaisha, ndo maana naandika.

Mama ninayenunuaga kwake alikuwa anagawana faida na mwenzie. Yeye alitoa mtaji 60,000, mwenzie 40,000, faida imepatikana 25,000. Bila kalamu, bila simu, mimi hata sijamaliza kuchagua dagaa wangu, akasema wewe 10 mimi 15, wakafunga kwenye kanga wakamaliza. Pembeni yupo binti yake wa kidato cha kwanza anachambua dagaa. Nikamuuliza, mwanangu, shule inaendaje? Kabla mtoto hajafungua mdomo mama akamjibia: "Hesabu kapata 9. Wala simlaumu, dada yangu, kwetu hesabu hatuna, hata mimi zilinishinda."

Yule binti akainamisha kichwa akaendelea kuchambua.

Jamani. Kugawa 25,000 kwa watu waliotoa 60 na 40 ndo uwiano wenyewe, ndo faida na hasara, mada ya kidato cha kwanza, hiyohiyo anayofanyia mtihani. Mama anazo hesabu, anazo kila siku ya Mungu, na mtoto kaziona kwa macho yake, halafu anaambiwa mbele ya mgeni kwamba kwenye ukoo wao hazipo. Mtoto akishaamini hivyo hashiki tena daftari. Atashikaje kitu ambacho mama yake amesema si cha kwao?

Najua mtaniambia walimu wa hesabu hawatoshi na darasa moja lina watoto wengi mno. Ni kweli, sibishi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2023 aliyefaulu hesabu ni kama mmoja kati ya wanne nchi nzima, na huwezi kuwabebesha wazazi wa Kigoma mzigo wote huo. Ila kuna kitu kimoja mzazi anakiweza hata kama aliishia la saba, na ndicho ninachotaka tukiongee.

Lugha. Mtoto kasoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, anaingia sekondari anakuta kila kitu kimebadilika jina. Mwaka juzi binti yangu aliniletea mtihani wa kidato cha kwanza, 14 kwa mia. Nikakaa nae mezani. Swali la kwanza linataka LCM ya 6 na 8, kaacha wazi. Nikamwambia hebu nitafutie KDS ya 6 na 8. Akanijibu 24 papo hapo, nikamwambia mama, ndo hiyohiyo, kigawe kidogo cha shirika, akanitazama kama nimemfungulia mlango. Tukaenda kwenye hesabu za sehemu, denominator hajui ni nini, lakini asili, ile namba ya chini, anaijua, na kiasi, ile ya juu, anakijua. Prime number hajui, namba tasa anazitaja mpaka 50. Yani mtoto wangu alikuwa anafeli vitu anavyovijua, na mimi miezi yote ile nilikuwa namwambia aongeze bidii!

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni huu, na ni mwepisi sana: jioni baada ya kula anafungua daftari la hesabu, ananieleza kwa Kiswahili walichofundishwa leo. Mimi sifundishi, algebra nilishasahau zamani. Nauliza tu, hiyo x umeitoa wapi, hapa alama imegeuka kwanini, na kwa Kiswahili hilo neno ni nini. Akikwama katikati tunaweka alama ya penseli, kesho anamuuliza mwalimu au mwenzie pale pale kwenye alama, maana mtoto akienda na "sijaelewa" peke yake mwalimu hajui aanzie wapi. Nyuma ya daftari tuna ukurasa umechorwa mstari katikati, Kiingereza huku, Kiswahili kule, mzingo, eneo, namba shufwa, namba witiri, asilimia. Nusu saa hivi, siku nyingine dakika kumi, siku za mnada hatugusi kabisa.

Tyusheni nayo inasaidia kwa mwenye hela, ila ukilipa bila kufungua daftari hujui unalipia nini. Na fimbo kwa ajili ya maksi za hesabu tuache kabisa, mtoto anayeogopa hathubutu kukosea, na hesabu huzijui bila kukosea kwanza. La mwisho, wenzangu wenye mabinti, mumpe hiyo nusu saa kabla hajaambiwa akaoshe vyombo, saa nne usiku kichwa kimeshalala.

Binti yangu yuko kidato cha tatu sasa. Mtihani wa mwisho kapata 41, ambayo ni D, na bado tunalia na logarithm. Lakini kila swali kaandika kitu, hajaacha hata moja wazi.

Jumamosi hii nashuka tena Kibirizi. Dagaa bado ninao wa kutosha, naenda kumwomba yule mama aache mizani kidogo, amkalishe mwanae pale pale kwenye ndoo, amwambie: mimi nilitoa 60,000, shangazi yako 40,000, faida ni 25,000, hebu tugawie.