Tezi Mbele, Omo Nyuma

Shemeji yangu ana video ya sekunde 11 ambayo huionyesha kila wanapokusanyika watu zaidi ya wawili. Humo naonekana mimi, mtu mzima, nimevaa miwani ya kinga, nakimbia kwenda kulia. Kisha narudi mbio kwenda kushoto. Roketi yenyewe haionekani vizuri, lakini ukinitazama mimi utajua iko wapi.

Roketi hiyo ilizaliwa kwenye boksi la masalia. Nilikuwa na seti tatu za roketi za mfano ambazo hazikukamilika: moja imebaki pua, nyingine mabomba ya kadibodi, ya tatu vibao vyepesi vya kukatia mapezi. Nikaamua nitengeneze Saturn IB ndogo, nakala ya ile roketi kubwa ya Marekani ya enzi za Apollo. Hoja yangu ilikuwa nzuri, na mpaka leo naitetea: Saturn IB yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Hatua yake ya kwanza ilikuwa na tangi lenye kipenyo cha kombora la Jupiter, likazungukwa na matangi 8 yenye kipenyo cha kombora jingine, Redstone, na chini kabisa injini 8. Zigo hilo la viraka liliruka mara 9 kati ya 1966 na 1975, na halikushindwa hata safari moja. Nikajiambia, kama wenzangu waliweza kwa viraka, mimi nina kilema gani?

Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 68 hivi. Bomba langu lilikuwa na kipenyo cha milimita 42 kasoro kidogo, kwa hiyo nikagawa kila kitu kwa 160. Nikapata roketi ya sentimita 43, na mapezi 8 yaliyotoka madogo kama kucha za dole gumba. Yalipendeza kweli. Kilichokataa kugawanywa ni injini. Injini ya baruti ya milimita 18 ni milimita 18, hata uilalamikie namna gani. Zilipenya 3 tu, kwa kubanana, zikakaa kama mafiga. Zile 5 zilizobaki nikazichora kwa kalamu nyeusi.

Injini zangu ziliandikwa C6-5. Herufi C hueleza nguvu yote iliyomo, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe mpaka ule mlipuko mdogo unaotupa pua na kutoa parashuti. Hizo sekunde 5 ziweke akilini. Mimi sikuziweka.

Kabla ya kurusha kuna jaribio la kamba. Unafunga kamba pale roketi inapolingana uzito, halafu unaizungusha juu ya kichwa kama teo. Pua ikitangulia, roketi imefaulu. Ikiyumba au ikigeuka, rudi mezani. Niliizungusha sebuleni, ikapita pua mbele, imenyooka kama mkuki. Binti yangu, ambaye ana miaka 9 na ndiye karani wa shughuli zote, akaandika kwenye daftari lake: IMEFAULU. Kisha akauliza, "Baba, na injini je?"

"Injini ni za uwanjani, mama," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Uwanjani nilisimama mita 9 kutoka kwenye kifimbo cha kurushia. Injini moja ndogo ungeirusha ukiwa mita 5, ila tatu za C kwa pamoja zinahitaji heshima zaidi. Nyaya nazo nilizifunga kwa akili. Viwashio vyote lazima vipate umeme kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa njia yake. Ukivipanga mfululizo, cha kwanza kikiungua na kukatika, vingine vinabaki gizani. Mimi nilivipanga sambamba, kwa betri ya gari ya volti 12. Binti akahesabu kurudi nyuma, nikabonyeza, injini 2 zikawaka na ya tatu ikaendelea kulala.

Roketi ya namna hiyo huinamia upande wa injini iliyolala. Upande huo ndiko tulikokuwa. Ilitupita kichwani ikipiga sarakasi, ikaanguka majanini nyuma yetu, ikakaa kimya kidogo, halafu ikatema parashuti, po! Nilipoichomoa ile injini nzima, kiwashio kimening'inia nje, nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Nimempata mshitakiwa. Shemeji aliponiuliza kama sina shaka na kitu kingine, nilimcheka.

Wiki iliyofuata nilivikagua viwashio kimoja kimoja, nikavikagua tena, na shemeji akaandaa simu yake. Safari hii ziliwaka zote 3. Sauti ile ni tamu, sitasema uongo. Roketi ilipanda mpaka kama mara mbili ya kimo changu, ikasita kana kwamba imesahau kitu nyumbani, ikageuka kukifuata. Hapo ndipo nilipokimbia kulia. Ikaja kulia. Nikarudi kushoto. Baruti ya injini hizo haimalizi hata sekunde 2 kamili, lakini nawaambieni, sekunde 2 ni nyingi sana zikiwa zinakufukuza.

Ikaanguka hatua mbili kutoka miguuni pangu, inafuka moshi. Hapa ndipo shemeji husimamisha video ili watu wavute pumzi, maana anayeonekana sasa anainama kuitazama ni yule yule aliyesoma maana ya C6-5, na wiki moja kabla alishaona kwa macho yake jinsi inavyokaa kimya kidogo. Zile sekunde 5 zikatimia. Pua ya plastiki ikanigonga goti. Parashuti, ambayo kwenye roketi zangu nyingine hutoka imekunjamana kama soksi, ilichanua yote na kunifunika uso. Nikawa nimesimama katikati ya uwanja kama bibi harusi.

Nyumbani nilianza kueleza mambo ya upepo. Binti hakubishana. Alileta ile roketi, akachomeka injini 3 mpya zisizo na viwashio, akatafuta upya mahali pa kufunga kamba. Kamba ikasogea nyuma, ikasogea tena, mpaka karibu na yale mapezi ya kucha. Injini moja ina gramu 24 hivi. Tatu zinapita 70, zote zimejazana mkiani, kwenye roketi ya kadibodi yenye pua tupu. Nilikuwa nimejaribu chombo bila abiria.

"Zungusha, baba."

Nikazungusha. Ikapita mbele ya macho yetu mkia ukiongoza, tezi mbele, omo nyuma, imenyooka vizuri kabisa bila kuyumba. Shemeji akawahi simu yake. Binti akafungua daftari, akakata neno IMEFAULU kwa rula, akafikiri kidogo.

"Lakini baba," akasema, "mbona imenyooka? Labda ni wewe tu uliyeiweka juu chini."