Washauri wetu huwahi kufika, na huwahi kuondoka

Kuna lalamiko ambalo ukikaa na Waswahili hapa Uingereza hukosi kulisikia. Mtu kanusurika ajali ya gari, au kavamiwa na vijana wenye visu. Wiki ya kwanza hapati usingizi, mlango ukigongwa anaruka. Anakwenda kwa daktari wa familia, anasikilizwa dakika kumi, anaambiwa hali hiyo ni ya kawaida kwa sasa, awe karibu na watu wake, waonane tena baada ya wiki nne. Hata kidonge cha usingizi hapewi. Anatoka pale anasonya: "Nyumbani ningeshapewa diazepamu, na mshauri juu!"

Mimi hukubaliana na wenzangu karibu katika kila lalamiko dhidi ya huduma za huku: foleni zao, simu zao za kugombaniwa saa mbili asubuhi, barua zinazofika baada ya tarehe ya miadi kupita. Kwa hili siungani nao. Daktari yuko sahihi. Sisi nyumbani ndio tunaokosea, tena kwa bidii na kwa nia njema kabisa.

Utaratibu wetu mnaujua. Kivuko kimezama, jengo limeanguka, bweni limeungua. Siku ya pili washauri nasaha wamefika na fulana zao, waliopona wanakusanywa chini ya turubai, kila mmoja anaombwa asimulie alichokiona ili "atoe yaliyo moyoni". Kamera zipo, mkuu wa wilaya yupo. Siku ya saba turubai linakunjwa. Mwezi wa tatu, yule aliyekuwa analia amenyamaza na tunasema amepona, kumbe ameanza kunywa, au hapandi tena basi, au anampiga mtoto kwa sababu ya sahani iliyoanguka.

Kikao hicho cha kumsimulisha mtu mara moja siku za mwanzo kimepimwa miaka mingi, na matokeo hayapendezi. Huko Cardiff, katika utafiti uliotolewa mwaka 1997, watu walioungua moto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kikao hicho na wengine hawakupewa. Miezi 13 baadaye, waliopewa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe (PTSD), yaani mshtuko wa tukio unaogoma kuisha, kwa asilimia 26, wasiopewa asilimia 9. Utafiti mwingine wa Uingereza uliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka 3, ukakuta wale walioanza na dalili kali wakapewa kikao walibaki na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa. Ndiyo maana mwongozo wa tiba wa huku wa mwaka 2018 unasema waziwazi kikao hicho kisitolewe, na dawa za jamii ya diazepamu zisitumike kuzuia kiwewe.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Wiki za mwanzo, kushtuka, jinamizi na kurudiwa na picha za tukio huwapata wengi, na kwa wengi hupungua zenyewe. Kumlazimisha mtu kusimulia wakati mwili bado uko kwenye hatari, mara moja tu, kisha kumwacha, ni kulifungua jeraha na kuondoka na bandeji. Anachohitaji siku ya kwanza ni maji, blanketi, simu yenye salio, habari za ndugu zake, na nauli ya kufika kwake. Akitaka kuongea asikilizwe, asipotaka asihojiwe. Wapo wa kutosubirishwa: anayetaka kujiua, aliyeanza kusikia sauti, aliyezidiwa hata hawezi kula, na mke ambaye aliyempiga bado analala naye nyumba moja. Huyu wa mwisho kwanza atolewe mle ndani.

Kwa hiyo tofauti ninayoizungumzia haihusu majengo wala mashine. Inahusu kalenda. Huku hawana haraka siku ya kwanza, lakini wiki ya nne wanarudi.

Chukueni miji miwili. Nairobi, Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi liliua watu 213. Madaktari wetu wa akili walijitosa, tena hawakuishia kutoa pole, walipima: kati ya Wakenya karibu 2,900 walioulizwa mwezi wa kwanza hadi wa tatu, asilimia 35 walikuwa na dalili za kiwewe. Kazi hiyo inasomwa duniani kote hadi leo. London, Julai 7, 2005, mabomu ya treni na basi yaliua watu 52. Huko ikaundwa programu ya kuwatafuta walionusurika mmoja mmoja na kuwatumia maswali mafupi. Waliojibu walikuwa karibu 600, waliopata alama za juu waliitwa wapimwe vizuri, na zaidi ya 200 walitibiwa. Wangesubiri madaktari wa familia wawagundue, wengi wao wasingefika, kwa sababu rufaa zilizotoka kwa madaktari hao zilikuwa chache mno.

Sasa nasikia mtu kule nyuma: "Huyu kashakuwa Mzungu, ameanza kutulinganisha na London." Tulia, ndugu yangu. London nao walijikwaa. Sheria yao ya kulinda taarifa za watu ilifanya taasisi zinyimane majina ya majeruhi, programu ikahangaika kuwapata watu ambao majina yao yalikuwa tayari kwenye makabati ya serikali. Na leo hii, ukijiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya tiba ya mazungumzo, lengo ni asilimia 75 waanze ndani ya wiki 6. Ila miadi ya kwanza mara nyingi ni ya kupimwa tu, na foleni yenyewe imejificha kati ya miadi ya kwanza na ya pili. Isitoshe, tafiti zinarudia kuonyesha kwamba kukosa watu wa kukushika mkono baada ya tukio ni miongoni mwa mambo yanayokuza kiwewe zaidi. Kwa hilo Mwingereza anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, hamjui wa ghorofa ya pili, atatuonea wivu.

Tena sisi tuna kitu ambacho London ililazimika kukiunda kwa fedha nyingi. Tuna arobaini. Baada ya matanga watu hutawanyika, na siku ya arobaini wanarudi, Mwislamu kwa khitma, Mkristo kwa misa au ibada. Hesabuni: kiwewe hakipimwi kama ugonjwa mpaka mwezi upite. Arobaini inaangukia palepale, na waliofiwa na walionusurika wamekusanyika kwenye ua mmoja.

Maswali ya kiwewe yaliyotumika London ni 10, ya ndiyo au hapana. Je, katika wiki iliyopita, angalau mara mbili: mawazo ya tukio yamekujia bila kuyataka? Ndoto mbaya? Umejikuta kama tukio linatokea upya? Umefadhaika ulipokumbushwa? Moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kuvuruga? Usingizi kukosekana? Hasira za ghafla? Akili kutotulia? Kuwa macho kupita kiasi kutafuta hatari? Kushtuka ovyo? Ndiyo 6 au zaidi, mtu huyo apimwe kwa kina. Ni karatasi moja, dakika tano. Ila aulizwe pembeni, si mbele ya mashemeji, na shehe au padri atangulie kusema kwamba kujibu si upungufu wa imani. Na msiniambie majina hayapo: majeruhi wa ajali au wa kupigwa Tanzania hujaziwa PF3, fomu ya polisi, na Kenya ana P3 yake.

"Lakini hatuna wataalamu." Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu aliyelikanusha ni Afrika Mashariki yenyewe. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali walitibiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa wiki 6 tu. Vikao 6, na wengi wao hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe walipopimwa baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Moshi ya Tanzania na Bungoma ya Kenya, mjini na vijijini, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote waliingizwa kwenye utafiti. Nusu walipewa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja, na waliovitoa ni watu wa kawaida wasiokuwa na uzoefu wowote wa afya ya akili. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba katika maeneo 3 kati ya 4 dalili zilipungua kuliko kwa wenzao. Moshi, jamani! Wazungu wanasoma habari za Moshi, na sisi bado tunapeleka turubai na fulana.

Pingamizi moja nalikubali: ukimwuliza mtu maswali 10 halafu huna pa kumpeleka, umemwonea. Kwa hiyo mshauri aandaliwe kabla ya karatasi. Mshauri huyo huharibika kwa njia inayojulikana: mgonjwa anaanza kulia kikao cha tatu, mshauri anaogopa, anaacha kumbukumbu yenyewe na kuhamia kwenye maombi na mambo ya ada za shule, vikao vinaisha tukio halijaguswa. Dawa yake ni msimamizi anayekaa naye kila wiki, anasikia kikao kilivyokwenda, anamrudisha kwenye njia. Mradi wa wafadhili ukifungwa, kinachokufa mara nyingi ni usimamizi huo. Tutafutieni mstari mmoja kwenye bajeti ya halmashauri: nauli ya msimamizi, kila wiki, kwa mwaka mzima. Fulana zipo za kutosha.