Tarehe 27 Januari mbili za Marat Safin

Marat Safin, mchezaji tenisi wa Urusi, alizaliwa Moscow tarehe 27 Januari 1980. Mara mbili siku yake ya kuzaliwa ilimkuta Melbourne, ndani ya uwanja mkuu wa Rod Laver Arena, kwenye mechi ambazo wapenzi wa tenisi wanazitumia mpaka leo kumhukumu. Mwaka 2002, akitimiza miaka 22, alikuwa fainali ya Australian Open na watu walishamkabidhi kombe kabla mpira haujarushwa. Alifungwa. Mwaka 2005, akitimiza 25, alikuwa nusu fainali ya mashindano hayohayo, mbele ya mtu ambaye ilionekana hafungiki. Akamfunga.

Wanaosema Safin alichezea kipaji chake hushikilia siku ile ya kwanza. Wanaomtetea hushikilia ya pili. Mimi ni wa upande wa watetezi, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza nikubali deni lake, maana lipo.

Deni lenyewe lilianza New York, Septemba 2000. Kijana wa miaka 20, urefu mita 1.93, alimkuta Pete Sampras kwenye fainali ya US Open. Sampras alikuwa ametoka kushinda Wimbledon na kufikisha mataji 13 ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi ya kila mwaka, rekodi ya wanaume kwa wakati huo. Safin akampiga 6-4, 6-3, 6-3. Si kwa kubahatisha. Kila Sampras alipokimbilia wavu, mpira ulimpita pembeni, hasa ule mpigo wa mikono miwili wa upande wa kushoto ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa mipigo bora ya zama zile. Novemba mwaka huohuo akawa namba moja duniani. Watu wakaanza kumpigia hesabu: huyu atachukua manane, huyu atachukua kumi. Akamaliza na mawili, na wiki tisa tu kwenye kiti cha namba moja.

Ndipo fainali ile ya 2002 inapouma. Njiani Safin alikuwa amemtoa Sampras tena. Aliyembakia ni Thomas Johansson wa Sweden, mchezaji mzuri na mwenye nidhamu, lakini ambaye kabla ya mashindano yale hakuwahi hata kufika nusu fainali ya Grand Slam. Safin akachukua seti ya kwanza 6-3, kisha mchezo ukamponyoka seti tatu mfululizo. Mechi kama hiyo huwezi kuitetea kwa kusema mpinzani alikuwa bora. Johansson alicheza vizuri siku hiyo, lakini Safin wa New York angeimaliza mapema.

Na mashtaka mengine yapo. Mwaka 1999 inasemekana alivunja raketi 48. Januari 2000, hukohuko Melbourne, alitozwa faini ya dola 2,000 kwa kutojituma katika mechi ya raundi ya kwanza dhidi ya Grant Stafford wa Afrika Kusini. Roland Garros, mashindano ya Ufaransa, ya 2004 alishangilia pointi kwa kushusha bukta uwanjani, na mwamuzi akamnyang'anya pointi. Hasira hasara, na kwa Safin hasara hiyo ilihesabika kwa seti na kwa mechi. Mwaka 2007 akajiunga na msafara wa kupanda Cho Oyu, moja ya milima mirefu ya Himalaya, wakati wenzake wako kwenye mashindano. Anayetaka kumshitaki hakosi ushahidi.

Lakini tumlinganishe na Lleyton Hewitt. Ni wa rika lake, aliyezaliwa 1981, na yeye pia alishinda Grand Slam mbili: US Open ya 2001 na Wimbledon ya 2002. Sijawahi kusikia mtu akisema Hewitt alipoteza kipaji. Husifiwa kwamba alikamua kila tone alilokuwa nalo, na ni kweli. Yevgeny Kafelnikov, Mrusi mwenzake Safin, naye ana mbili, na jina lake hutajwa kwa heshima bila masikitiko. Makombe ya Grand Slam ni yaleyale mawili, hukumu tofauti. Maana yake ni kwamba Safin hatumpimi kwa alichoshinda. Tunampimia ile jioni ya New York, kana kwamba ilikuwa ahadi aliyotuandikia. Hakuandika. Alicheza mechi moja kwa kiwango ambacho binadamu wachache wamewahi kukifikia, sisi tukadai kiwe mshahara wa kila mwezi.

Halafu kuna jambo ambalo washitaki hulipita haraka mno: mwili. Mwaka 2003 kifundo cha mkono kilimharibia karibu msimu mzima. Alirudi Melbourne Januari 2004 akiwa nafasi ya 86 duniani, akamtoa Andy Roddick aliyekuwa namba moja, akamtoa Andre Agassi aliyekuwa bingwa mtetezi, zote kwa seti tano, akafika fainali miguu imeisha na Roger Federer akammaliza kwa seti tatu. Mtu asiyejituma hafanyi hivyo. Mwaka 2005 goti la kushoto likagoma katikati ya mwaka. US Open ikampita, na Januari iliyofuata hakuweza hata kwenda Australia kutetea taji lake. Mabingwa wengi wanapofikisha miaka 25 ndipo wanapoanza kuvuna. Yeye alikuwa anajifunza upya kuliamini goti.

Na taji hilo alilipataje? Turudi kwenye ile 27 Januari ya pili. Federer ameshinda mechi 26 mfululizo. Seti ya nne, kwenye mipira ya kuamua seti, anaongoza 6-5: pointi moja tu na mechi imekwisha. Anakimbilia wavu. Safin wa 2002 angeupiga kwa hasira ukaishia kwenye wavu au nje ya mstari. Safin wa 2005 anauinua juu, taratibu, unampita Federer kichwani. Federer anaufukuza mpaka nyuma ya uwanja na kujaribu kuupiga katikati ya miguu, nao unanasa wavuni. Safin anachukua seti 8-6, na ya tano 9-7, baada ya saa nne na nusu hivi. Pointi ya mwisho Federer ameanguka, raketi imemtoka mkononi, na upande mzima wa uwanja uko wazi. Siku tatu baadaye, kwenye fainali, Safin alipoteza seti ya kwanza 6-1 mbele ya Hewitt na uwanja mzima wa Waaustralia, kisha akashinda tatu zilizofuata.

Mpira ule wa juu ndio jibu langu kwa wanaosema hakuwa na kichwa. Kocha wake Peter Lundgren aliwahi kumfundisha Federer, na hilo lilisaidia, lakini aliyetulia pale kwenye pointi ya kufa na kupona ni Safin mwenyewe.

Nchi yake nayo ina hesabu yake. Urusi ilichukua Davis Cup, kombe la tenisi la mataifa, kwa mara ya kwanza mwaka 2002 huko Paris, na Safin alishinda mechi zake zote mbili za mmoja kwa mmoja. Mwaka 2006, fainali dhidi ya Argentina mjini Moscow ikiwa 2-2, alipewa mechi ya mwisho na akamshinda José Acasuso. Nyumbani kwao, mama yake Rauza Islanova akiwa kocha, mdogo wake Dinara Safina naye alifika namba moja mwaka 2009. Kaka na dada wote namba moja: haijatokea kwingine.

Safin alistaafu Novemba 2009, akiwa na miaka 29. Aprili 2025 alirudi uwanjani kama kocha, kumsaidia Mrusi mwenzake Andrey Rublev, ambaye alikuwa amecheza robo fainali kumi za Grand Slam bila kushinda hata moja, na ambaye amewahi kujipiga raketi gotini mpaka damu ikatoka. Kati ya mabingwa wote wastaafu ambao Rublev angeweza kuwafuata, alimwendea yule anayesemwa kwamba hasira zilimmaliza.